Mafuta ya karafuu sio ya kujipaka hivihivi

Habari yenu ya mafuta ya karafuu imeandikwa vizuri ila hapo mliposema mtu apake mafuta ya karafuu moja kwa moja kwenye fangasi na chunusi, jamani hapana, yale ni makali. Sie wa Pemba tumeyajua tangu utotoni, yale ya kiwandani Wawi yanakamuliwa kwa mvuke kutoka kwenye makonyo, yaani vile vikonyo vinavyoshika karafuu, na karibu yote ni kemikali iitwayo eugenoli tupu, ndio hiyo inayoua vijidudu na kutia ganzi, hata daktari wa meno anaichanganya na unga wa zinki oksaidi kuzibia jino kwa muda. Lakini hiyohiyo ndo inaunguza ngozi. Nimeona mtu kapaka shavuni usiku, asubuhi pamevimba pekundu, baadae pakabaki doa jeusi kubwa kuliko chunusi yenyewe.

Tone moja au mawili kwenye kijiko kikubwa cha mafuta ya nazi yanatosha kabisa, na ujaribu kwanza kidogo mkononi ungoje mpaka kesho. Mapunye ya watoto peleka hospitali, yale ya kichwani yanataka vidonge, mafuta hayafiki kwenye mzizi wa nywele.

Na chupa iwekeni juu, mtoto akinywa hata kidogo ini linaweza kuharibika, hilo sijui kwa nini hamkuliandika. Halafu hizi chupa za barabarani zisizo na lebo, nyingine huenda ni mafuta ya kupikia yametiwa harufu tu.