Saa kumi na moja na dakika kumi

Kijana wa koti jeupe, aliyekuwa anampima mama kumbukumbu, alimwambia achore saa, kisha aweke mishale saa kumi na moja na dakika kumi. Mama akachora duara, akapanga namba, mshale mfupi akauelekeza kwenye tano, mrefu kwenye mbili. Sahihi kabisa, Kisumu nzima. Kijana akamnyima alama. Kumbe alikuwa anatafsiri karatasi ya Kiingereza kichwani, na alichotaka ni saa tano na dakika kumi.

Sikulala siku hiyo.

Sisemi mama hana shida. Mwaka huu ameunguza omena mara mbili, na habari za harusi ya Ahero anatusimulia asubuhi, kisha jioni tena. Ndiyo maana tulienda kliniki, moja ya mjini ambayo siitaji.

Karatasi yenyewe ni MoCA, kipimo cha kumbukumbu na kufikiri, ilitungwa Kanada, alama 30, chini ya 26 unatiliwa shaka. Kuna maneno matano ya kukumbuka: mojawapo mahameli, jingine deizi. Deizi! Ua ambalo hata mimi nimeliona kwenye kadi tu. Halafu: mia toa saba, endelea kutoa saba. Mama akauliza, "Saba za nini, mwanangu? Nani amenunua?" Huyu ameuza omena Kibuye miaka 31, madeni ya wateja yote kichwani, kalamu hana. Mtajie gorogoro tatu na nusu, atakupa bei kabla hujafunga mdomo. Aliishia darasa la nne. Lakini karatasi ina huruma jamani: ukiwa umesoma miaka 12 au chini, unaongezewa alama moja. Moja, kwa miaka yote aliyopalilia mahindi kaka zake wakiwa darasani!

Akapata 17. Kijana akaiingiza kwenye programu ya kompyuta ya kutabiri, mstari mwekundu ukatokea, tukaambiwa tujiandae kwa dimenshia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri.

Programu hizi zimejifunza kwa akina nani? Hazina kubwa ya data za utafiti inayotegemewa, ADNI, ilianza 2004 huko Marekani na Kanada, na wengi waliomo ni Wazungu wenye elimu ya juu. Na hata huko, katika kliniki za kumbukumbu, walio kwenye hatua ya katikati, kati ya usahaulifu wa uzee na dimenshia, huingia dimenshia kama 10 hadi 15 kwa kila 100 kwa mwaka. Wengine hubaki hapo hapo, na wapo wanaorudi sawa. Hayo hatukuambiwa.

Wala hakuna aliyempima masikio, ilhali kutosikia vizuri, presha na sukari vimo kwenye orodha ya 2024 ya jarida la tiba la Lancet, ya mambo 14 yanayoongeza hatari ya dimenshia na yanayoweza kurekebishwa. Tezi ya thairoidi? Upungufu wa vitamini B12? Navyo huweza kumsahaulisha mtu. Kimya.

Sawa, kujua mapema kunasaidia. Mambo ya shamba yaandikwe akiwa timamu. Na kipimo cha damu cha p-tau217, protini inayoashiria ugonjwa wa Alzheimer, kikifika huku kwa bei ya binadamu, nitapanga foleni.

Ila mama wa leo umlinganishe na mama wa mwaka juzi, si na mstaafu wa Chicago. Na wa mwaka juzi tunamjua sisi wa nyumbani, ambao hatukuulizwa hata swali moja.

Kwenye tuktuk kurudi Kondele alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza kwa upole kama yule mtoto hajawahi kufundishwa saa.