Arobaini ya mtoto na kikohozi cha wageni

Mtoto wa mdogo wangu alikuwa na wiki tano na siku mbili alipoacha kupumua mikononi mwangu. Hakulia wala hakuhangaika. Alikohoa mara tatu, vikohozi vyepesi kama paka anayepiga chafya, kisha kimya. Midomo yake ikawa rangi ya jambula, zambarau iliyoiva. Nilimlaza kifudifudi juu ya mkono, nikamsugua mgongo, nikamkuna nyayo. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni anaita jina la Mungu. Mtoto akashtuka, akavuta hewa, akalia. Sijawahi kufurahia kilio cha mtoto kama siku ile.

Siku tatu kabla ya hapo tulikuwa tumempeleka kwenye kiliniki moja hapa Busia, Uganda, mpakani na Kenya, tukauziwa chupa ya dawa ya kikohozi na kuambiwa ni mafua tu. Safari hii hatukupita dukani. Tulipanda boda moja, mimi katikati nimembana mtoto kifuani, mama yake nyuma, hadi hospitali. Musawo, yaani daktari, aliyekuwa zamu alimwekea mtoto oksijeni, akasimama pembeni ya kitanda akamtazama muda mrefu. Alipogeuka, swali lake la kwanza halikuhusu mtoto. Aliuliza, "Nyumbani nani anakohoa?"

Tukatazamana. Kaka yetu ni dereva wa lori. Alifika kumwona mpwa wake mtoto akiwa na siku 20, na kikohozi chake kilikuwa na wiki mbili. Mwenyewe alisema ni vumbi la barabarani. Alimbeba mtoto, akamsomea dua sikioni, na kila kikohozi kilipomjia aligeuka pembeni kwa adabu, mkono mdomoni. Hakuna aliyemwambia kitu. Ungemwambiaje mjomba wa mtoto asimshike mtoto?

Ilikuwa kifaduro. Kipimo cha bakteria mwenyewe hospitali haikuwa nacho, lakini damu ilipopimwa, chembe nyeupe zilikuwa zimepanda kupita kiasi, hasa zile zinazoitwa limfositi. Kwa kichanga anayekohoa na kukata pumzi namna ile, dalili hiyo ina uzito. Musawo akaandika azithromaisini, dawa ya kuua bakteria, ya mtoto, kisha akaandika na ya kwetu sote tuliokuwa tukilala nyumba moja. Kaka yetu naye tulimpigia simu, akanunua yake njiani.

Jina hilo nililijua tangu utotoni, ila nililiweka fungu moja na ndui: mambo ya zamani. Na nilidhani kikohozi chake ukikisikia huwezi kukikosea. Mtoto wa jirani yetu aliwahi kuugua tukiwa wadogo: anakohoa mfululizo hana nafasi ya kuvuta pumzi, macho yanamtoka, uso unaiva, kisha anavuta hewa kwa mlio kama filimbi na kutapika uji wote. Hivyo ndivyo kinavyowajia watoto wa miaka miwili, mitatu, minne. Kichanga wa mwezi mmoja hana nguvu ya kutoa mlio huo. Yeye husahau kupumua. Ndiyo maana mtu wa kiliniki alisikia vikohozi viwili vidogo akaona mafua, na sisi wenyewe tukaona mafua.

Bakteria wake, Bordetella pertussis, walikuzwa maabara kwa mara ya kwanza mwaka 1906 kule Brussels na Jules Bordet na Octave Gengou. Hujishikiza kwenye vinyweleo vidogo sana vinavyofagia njia ya hewa, na sumu yake huvilemaza. Makohozi mazito yanabaki palepale, na mwili haujui njia nyingine ya kuyatoa ila kukohoa, na kukohoa, na kukohoa. Dawa ikiwahi huua bakteria na kuwalinda wengine wasiambukizwe. Haiwezi kuotesha vinyweleo kwa zile siku tano za kuinywa. Kwa hiyo kikohozi huendelea wiki nyingi baada ya bakteria kufa, na Wachina hawakukosea kukiita kikohozi cha siku mia.

Sasa nije kwenye lile linaloniuma.

Sisi tuna arobaini. Mama akijifungua hatoki siku 40. Anakandwa kwa maji ya moto, anapikiwa uji wa pilipili manga, mtoto anakaa ndani na mama yake. Nilipokuwa msichana niliiona kama kifungo. Leo nahesabu siku na kustaajabu, kwa sababu chanjo ya kwanza ya kifaduro hapa Uganda hutolewa mtoto akitimiza wiki 6, yaani siku ya 42. Muda wote ambao mtoto hana sindano hata moja ya kumkinga na ugonjwa huu, mila imeshamjengea ukuta. Arobaini inaisha, unapumzika siku moja, unakwenda kliniki na kadi mkononi. Mtu akikuambia mila na chanjo haviwezi kukaa nyumba moja, mwonyeshe kalenda.

Ila ukuta huo sisi tumeutoboa mlango. Mtoto hatoki, lakini kila mtu anaingia. Majirani, mashemeji, watoto wa shule wenye makamasi, mjomba kutoka safari. Na mtoto anapitishwa mkono kwa mkono kama sinia la tende. Mgonjwa mmoja wa kifaduro, akiwa kati ya watu wasio na kinga, anaweza kuambukiza watu 12 hadi 17. Chumba cha mzazi hakihitaji wengi hivyo. Kinahitaji mmoja tu.

Jibu ninalopewa nikisema hivi ni lilelile: sisi tulikohoa tukapona, tuna kinga, na watoto wetu wameirithi. Ni hoja yenye busara ndani yake, maana kwa surua iko hivyo kwa kiasi kikubwa: ukishaugua umemaliza, na mama humpa mtoto ulinzi wa miezi kadhaa. Kifaduro hakiko hivyo. Kinga yake, iwe ya kuugua au ya kuchanjwa, hufifia kadiri miaka inavyopita. Mtu mzima aliyechanjwa akiwa mchanga anaweza kukipata tena, kikamjia kama kikohozi kisichoisha, akaenda kazini nacho. Na mama humpa mtoto aliye tumboni kile tu kilichomo kwenye damu yake. Mdogo wangu alichanjwa miaka 27 iliyopita. Alichokuwa nacho cha kumpa mwanawe kilikuwa kidogo mno. Maziwa yake yalikuwa mengi na mazuri, namshukuru Mungu, lakini maziwa peke yake hayazibi pengo hili.

Wala tusidhani ni jambo la mpakani huku tu. Watafiti walipowapima watoto wa Kampala waliokuwa wamekohoa wiki mbili au zaidi, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015, walikuta kifaduro kwa takriban 15 kati ya kila 100. Wangapi kati ya hao walikuwa na mdogo wao mchanga nyumbani?

Kadi ya mwanangu mkubwa, aliyezaliwa 2014, ninayo bado kwenye mfuko wa plastiki. Wiki ya 6, ya 10, ya 14: sindano ya paja la kushoto, ile ya magonjwa matano ambayo Uganda iliianza mwaka 2002. Dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini B, na kile kidudu cha Hib kinacholeta nimonia na homa ya uti wa mgongo. Ya kwanza inaanza kujenga, ya pili inaimarisha, ya tatu ndiyo inayoweka paa. Tarehe za kadi ile zinanitia aibu: sindano ya wiki ya 6 aliipata akiwa na wiki 9, kwa sababu nilikuwa na biashara sokoni na niliona wiki tatu si kitu. Kwa kifaduro, wiki tatu ni kila kitu.

Si akina mama peke yetu wenye makosa. Jirani yangu alifika kituo cha afya siku ile ile ya 42, akarudishwa: watoto hawajafika idadi ya kufungulia chupa, rudi siku ya chanjo. Kwa chanjo ya surua au ya kifua kikuu ninaelewa, chupa ikishafunguliwa inabidi imwagwe ukipita muda wa saa sita. Lakini hii ya magonjwa matano ni ya maji, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaruhusu chupa iliyofunguliwa kutumika hadi siku 28 ikihifadhiwa vizuri kwenye baridi. Mama aliyetembea na jua na mtoto mgongoni hapaswi kurudishwa kwa sababu hiyo. Wahudumu wetu wa kijiji, hawa VHT wanaozunguka nyumba kwa nyumba, nawaomba walijue hili na walisemee.

Na kuna la wakubwa zaidi. Mwanamke mjamzito hapa kwetu huchomwa sindano ya pepopunda na dondakoo. Ni sindano nzuri, imeokoa vichanga wengi. Lakini ipo nyingine yenye kifaduro ndani yake, anayochomwa mama akiwa bado na mimba ili mtoto azaliwe na kinga tayari. Uingereza walianza kuwachoma wajawazito Oktoba 2012, mwaka ambao vichanga 14 walikufa kwa kifaduro, na ulinzi kwa watoto wa chini ya miezi mitatu ulionekana kufika karibu asilimia 90. Najua ni ghali kuliko ile ya kawaida. Najua pia hatukosi mahali pa kupeleka fedha. Lakini ningependa kuwasikia wabunge wetu wakibishana kuhusu bei yake, badala ya kimya hiki.

Chanjo yenyewe ilitoka kwa watu wasio na fedha. Miaka ya 1930, Marekani ikiwa kwenye mdororo mkubwa wa uchumi, Pearl Kendrick na Grace Eldering walimaliza kazi zao za maabara kule Grand Rapids, Michigan, kisha jioni wakazunguka nyumba za maskini wakiwashikia watoto wagonjwa kisahani mbele ya mdomo ili wakohoe juu yake. Bakteria waliowapata humo ndio waliowatengenezea chanjo. Nikiwafikiria wale wanawake wawili gizani na visahani vyao, siwezi kukubali kwamba sisi tushindwe kumwambia mgeni anayekohoa akae nje.

Tukiwa hospitali, shangazi yetu alikuja akanivuta pembeni. Alisema ni kimeo, kinamgusa mtoto koo, na anamjua mtu wa kukikata. Sikumkaripia. Alikuwa analia wakati anasema, na alikuwa amekuja na nauli ya kwenda huko. Nilimshika mkono nikampeleka hadi kitandani, nikamwonyesha mtoto akikohoa, kifua kinavyonyonywa ndani na midomo inavyobadilika. Nikamwambia: shangazi, hana cha kukatwa, anachohitaji ni hewa. Alikaa nasi usiku ule. Yeye ndiye aliyehesabu pumzi nilipopitiwa na usingizi.

Tulikaa siku 11. Mtoto sasa ana miaka mitatu na anatoroka nyumbani kila mlango ukiachwa wazi.

Mama yake anatarajia tena mwezi ujao. Kaka yetu ameshapiga simu kuuliza aje lini. Nilikuwa nimejiandaa na maneno marefu, lakini hakuyahitaji. Alisema hata akiwa mzima wa afya atamsalimia mtoto kwanza dirishani, na mbuzi wa akika atamleta yeye.