Makabidhiano Bila Daftari

Sanduku la kikoba chetu hapa Uyole, Mbeya, lina kufuli tatu, na funguo zake zinakaa kwa watu watatu wasiolala nyumba moja. Desemba iliyopita mhazini wetu alimaliza muda wake. Mwenyekiti, mtu wa haraka, akamwambia amkabidhi tu mwenzake sanduku, watu wana shughuli za sikukuu. Mama huyo mhazini akagoma. Hela zikamwagwa mkekani, zikahesabiwa mara mbili, daftari la mikopo likasomwa jina kwa jina pamoja na wadaiwa sugu (tulicheka, wao hawakucheka), ndipo akasaini na kulisukuma sanduku upande wa pili. "Nikikupa kitu nisichokijua," alimwambia mhazini mpya, "sijakukabidhi, nimekutupia."

Jumapili iliyofuata mhubiri alituita tumkabidhi Mungu kesho yetu. Vijana wakatoka mbele, wakainua mikono, wengine wakalia. Mimi nilikuwa benchi la nyuma nikiwaza ule mkeka. Neno ni lile lile, kukabidhi. Mkristo anaposema amemkabidhi Mungu mipango yake, amekabidhi au ametupa?

Nianze na wanaosema kabidhi yote, kwa sababu huku mtandaoni wanachekwa kabla hawajasikilizwa. Wengi wanaowacheka hawajawahi kulima. Huku Nyanda za Juu Kusini tuna msimu mmoja wa mvua kwa mwaka. Ikifika Novemba mtu anaifukia ardhini karibu kila shilingi aliyonayo, kisha anaangalia juu. Hata aliye makini namna gani, kuna mambo hayaingii kwenye hesabu zake. Mwaka 2022 mbolea ilipanda mpaka watu wakawa wanauliza bei na kuondoka bila kununua, na msimu wa 2022/23 serikali ikaanza kutoa ruzuku. Gesi ilikuwa imepanda duniani, kisha vita ya Ukraine ikaongeza lake. Vita ya Ukraine haikuwa kwenye bajeti ya mtu yeyote wa Mlowo.

Mkulima wa namna hiyo hahitaji kuelezwa sana Yakobo 4. Yakobo anawageukia wafanyabiashara wanaosema leo au kesho tutaingia mji fulani, tukae mwaka mzima, tufanye biashara, tupate faida. Anawaambia nyinyi ni mvuke, semeni "Bwana akipenda, tutakuwa hai na kufanya hivi au hivi." Ukilisoma polepole utaona hakuwafungia biashara. Safari ipo, mwaka upo, faida haijakatazwa. Anachokigusa ni majivuno, ile sauti ya mtu anayeongea juu ya mwakani kana kwamba mwakani ni mali yake.

Wanyakyusa wanaijua sauti nyingine. Sikiliza majina wanayowapa watoto: Lusajo ni baraka, Ipyana ni neema, Atupele maana yake ametupa, yaani ametupatia. Ametupa! Kitenzi kimeshapita. Jina haliagizi mtoto awe daktari, linashukuru kwamba amefika. Sidhani kama kuna mahubiri yanayofundisha kuachilia vizuri kuliko bibi anayeita "Atupele, njoo ule" mara tatu kwa siku.

Halafu kuna moto. Baba yangu mdogo yuko Mufindi. Alipanda eka nne za paina akiziita benki yake, maana kwa kule miti ni akiba ya uzeeni na ada ya wajukuu. Paina hazina haraka, mtu anasubiri miaka kumi na zaidi. Septemba moja, miti ikiwa na umri wa miaka saba, moto ulivuka kutoka bonde la pili, na ilipofika saa mbili usiku benki ilikuwa mkaa. Nilimkuta asubuhi amesimama pale na gongo lake, viatu vyeusi kwa majivu. Nilijiandaa kumfariji, ila yeye ndiye aliyenifariji. Alisema, "Aliyenipa hajafa," akanishika bega tukaenda kunywa chai. Mtu aliyeweka roho yake yote kwenye zile eka nne asingekunywa chai ile. Kwa hiyo sikubali kwamba kukabidhi ni maneno matupu. Nimeona kukabidhi kukifanya kazi yake siku mbaya kuliko zote.

Lakini hadithi ina kipande cha pili. Baba mdogo alisema moto ni mapenzi ya Mungu. Mama mdogo, ambaye ni mzee wa kanisa na anaomba kuliko mumewe, alisema ni majani. Mwaka ule mpaka wa shamba haukusafishwa. Jirani aliyesafisha wake alipoteza mistari miwili tu.

Upande wa pili wa hoja umesimama hapo kwenye majani, na una nguvu kuliko wahubiri wetu wanavyokiri. Tukishasema "nimemwachia Mungu", Mungu anabebeshwa na yasiyo yake. Msichana anafaulu kidato cha nne, anachaguliwa shule ya mbali, nauli na vifaa vinakosekana, nyumbani anaambiwa Mungu ana mpango mwingine na yeye. Mwezi huo huo baba analeta pikipiki mpya. Mpango ule ulikuwa wa nani? Kijana wa kike anaachishwa mchumba kwa sababu mtumishi ameonyeshwa kwenye maombi kwamba siye. Familia inaacha kukata bima ya afya kwa kuwa kukata bima ni kukiri ugonjwa. Hili la mwisho nimelisikia kwa masikio yangu, Mwanjelwa, kwa mtu aliyefunga duka lake kwa kufuli mbili na kumlipa mlinzi. Mwizi, inaelekea, hakiriwi.

Kinachonitisha ni kwamba kiti cha mpangaji hakikai wazi. Ukiinuka ukasema umempisha Mungu, anayewahi kuketi mara nyingi ni mtu: baba, mtumishi, shangazi mwenye sauti, au woga wako mwenyewe uliovaa nguo za Jumapili. Nao hawasemi "tumeamua". Wanasema "Bwana amesema", na hapo huna pa kukata rufaa.

Jambo hili si geni kwa Ukristo wa huku. Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891, na kanisa lililowatuma lilikuwa limeshalipitia kwa uchungu. Karne ya 18, kwenye mji wao wa Herrnhut, Ujerumani, Wamoravian walimkabidhi Mungu mipango kwa njia iliyo wazi kabisa: walipiga kura, si ya kuhesabu wingi wa watu bali ya kuokota karatasi. Nani aende misheni, nani apewe uongozi, hata nani aoe nani. Mara nyingi zilikuwa karatasi tatu, moja ndiyo, moja hapana, moja tupu kwa maana ya subirini. Tusiwacheke. Mithali 16:33 inasema kura hutupwa katika mikunjo ya nguo lakini hukumu zake zote ni za Bwana, na Mathiya aliingia kwenye mitume kwa kura. Walikuwa watu makini, na ujasiri wa kwenda kufia mbali waliupata kwenye imani hiyo hiyo kwamba aliyewatuma si kamati.

Ila ndoa iliwashinda. Washirika, hasa wa Marekani, walichoka kuoana kwa karatasi, na sinodi ya mwaka 1818 ikawaondolea wengi wao sharti hilo. Kwangu huo haukuwa upungufu wa imani. Kanisa liligundua kwamba kumwondolea mtu kazi ya kuchagua si lazima kumkaribishe kwa Mungu, kunaweza kumfanya asiwajibike tu. Mtu aliyeoa kwa kura, ndoa ikichacha, atamlaumu nani?

Kura lakini haikuzikwa yote. Wamoravian wana kitabu cha maneno ya kila siku, kilichochapishwa mara ya kwanza kwa ajili ya mwaka 1731 na kinachosomwa mpaka leo duniani kote. Neno la Agano la Kale la kila siku bado linapatikana kwa kura kule Herrnhut. La Agano Jipya halipigiwi kura. Wahariri wanakaa, wanasoma, wanatafuta linaloendana na lile lililotoka. Nusu ya ukurasa imepokelewa, nusu imefikiriwa, na msomaji wa Tukuyu anazisoma zote mbili kabla ya chai bila kuona mgongano.

Nije kwenye Yeremia 29:11, maana ndiyo mstari ulioandikwa kwenye fulana za vijana wetu. "Nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani." Maneno hayo yamo kwenye barua iliyoandikwa kwa watu waliochukuliwa mateka kwenda Babeli, waliokuwa wanasubiri warudishwe kesho kutwa kwa sababu manabii fulani waliwaahidi hivyo. Mstari wa 10 unawapa muda: miaka 70. Wengi wa waliosomewa wangekufa hukohuko. Na mstari wa 5, ambao sijauona kwenye fulana hata moja, unasema jengeni nyumba, pandeni bustani, mle matunda yake. Ozeni watoto, na muutakie amani mji mliohamishiwa. Mwenye mawazo ya amani juu yao ndiye aliyewatuma wakanunue mbegu. Waliokuwa wanangoja mikono mitupu, wakiuita ungojaji huo imani, ndio waliokuwa wanakemewa.

Wapenda mipango nao wasishangilie mapema. Msemo wao mkubwa, "Mungu humsaidia anayejisaidia," wanautaja kama andiko na haumo kwenye Biblia. Wana Luka 14:28, ya mtu anayeketi kuhesabu gharama za mnara kabla ya kujenga, ila waendelee kusoma mpaka mstari wa 33. Gharama inayohesabiwa pale ni ya kuacha vyote ulivyo navyo. Mwalimu Nyerere alitufundisha kwamba kupanga ni kuchagua, na ni kweli, lakini kuchagua ni pamoja na kukubali kuumia kwa ulichokiacha. Siku hizi nakutana na vijana wenye mpango wa miaka mitano kwenye simu, tarehe ya kuoa, ya kujenga, ya kununua gari. Likitokea jambo dogo, ajira kuchelewa, ujauzito kuharibika, wanavunjika kama chelewa kavu. Hawakuwa wamejifunza kuushika mpango kwa mkono uliolegea kidogo.

Kama nikibanwa niseme nasimama wapi, nasimama mkekani na yule mama. Kabidhi, lakini mwaga kwanza hela watu wazione. Mtu asiyejua anataka nini, ana kiasi gani, anadaiwa na nani, hana cha kumkabidhi Mungu zaidi ya woga. Hata Gethsemane ilikwenda hivyo. Yesu hakuanza na "mapenzi yako yatendeke" kama mtu asiye na lake. Alilisema lake wazi, kikombe hiki kiondolewe, ndipo akaongeza "walakini si mapenzi yangu, bali yako yatendeke". Tunaimba sana sentensi ya pili. Ya kwanza tunairuka, labda tunaiona haina adabu.

Niliyasema haya yote, kwa urefu wa kuchosha, kwa kijana mmoja wa Mbalizi. Ana shahada ya ualimu na miaka minne ya kusubiri ajira serikalini. Mjomba wake alikuwa amempa eka moja Isongole alime viazi, yeye akasema anasubiri mlango ambao Bwana ataufungua. Nikamwambia mlango ndio huo, una matope tu. Akanisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, halafu akauliza, "Kaka, na wewe umejuaje kwamba shamba ndiyo jibu? Si na wewe unanitabiria?"

Sikuwa na jibu, na bado sina. Nilikuwa nimeketi kwenye kile kiti nilichokisema, nikimpangia maisha mtu mzima kwa jina la busara. Ningeweza kumpa kitu kimoja tu, hesabu: bei ya gunia la mbegu, dawa ya ukungu, vibarua wa kupalilia, usafiri hadi barabarani. Tukaziandika nyuma ya ratiba ya ibada. Akaikunja karatasi, akaiweka kwenye Biblia, akasema ataiombea.

Mwezi uliofuata nikasikia amepanda. Nilipita kule nikielekea Tukuyu, nikashuka kumwona. Matuta yamenyooka, viazi vimeshika rangi, lakini ni nusu eka tu, nusu nyingine magugu mpaka kiunoni. Nikaona nimempata. Nikadhani hiyo nusu ameiacha kwa imani, amemwachia Bwana sehemu yake au anauweka wazi ule mlango wa ualimu, nikawa tayari na maandiko mengine mawili. Nikamuuliza mbona hii hukulima.

"Mbegu iliniishia, kaka."