Programu huria na programu iliyofungwa: ipi salama zaidi?

Machi 2024, Andres Freund, mhandisi wa Microsoft ambaye pia huchangia hifadhidata ya PostgreSQL, aligundua kuwa kuingia kwenye kompyuta yake ya majaribio kwa SSH (njia ya kuingia kwenye kompyuta kupitia mtandao) kunachelewa kama nusu sekunde. Wengi wetu tungelaumu mtandao. Yeye alichimba hadi akakuta xz, programu huria (yaani ambayo msimbo wake, maandishi yanayoiunda, uko wazi kwa yeyote) ya kubana mafaili iliyomo kwenye mifumo mingi ya Linux, imetiwa mlango wa siri wa kumpitisha mdukuzi katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Aliyeutia alijiita Jia Tan. Alikuwa amechangia mradi huo kwa zaidi ya miaka miwili, hadi akaaminiwa na kukabidhiwa funguo.

Kila upande ulijichukulia ushindi. Watetezi wa programu huria walisema msimbo usingekuwa wazi, mtu wa nje asingeufuatilia. Wapinzani wakajibu kuwa uwazi huohuo ndio uliomkaribisha mwizi sebuleni.

Mimi naegemea kwa watetezi, ila kuna jambo wanaloliruka. Kipande kilichouamsha mlango ule hakikuwa kwenye hazina ya Git, ghala la msimbo wa mradi linalosomwa na umma. Kilikuwa ndani ya kifurushi cha kupakua, na msimbo hasidi wenyewe ulifichwa kwenye mafaili ya majaribio. Ungesoma hazina yote usiku kucha usione kitu. Tena wasomaji wenyewe wako wapi? Kwa miaka mingi xz ilibebwa na mtu mmoja wa kujitolea. Kasoro ya Heartbleed katika OpenSSL, programu huria ya kulinda mawasiliano ya mtandaoni, iliyotangazwa Aprili 2014, ilikuwa imekaa peupe kwa miaka miwili.

Hapo ndipo wauzaji wa programu zilizofungwa, ambazo msimbo wake hufichwa, wanapopata hoja: wao huajiri wakaguzi, na mambo yakiharibika kuna wa kumshika shati. Hoja hiyo si ya kubeza. Lakini mwaka 2020 ilifichuka kuwa wadukuzi walikuwa wamejipenyeza kwenye mitambo inayounda Orion, programu ya kusimamia mitandao ya kampuni ya SolarWinds. Sasisho likatoka na saini halali ya kampuni, likapakuliwa na wateja wapatao 18,000. Mteja mwenye shaka hakuwa na msimbo wa kuusoma. Wataalamu wa FireEye, kampuni ya usalama wa mtandao, waliofichua shambulio Desemba baada ya wao wenyewe kudukuliwa, walilazimika kuichambua programu bila msimbo wake. Inawezekana, ila ni kazi ya wenye maabara na mishahara.

Kuna mashambulizi ambayo ubishi huu hauyagusi kabisa. Microsoft ilitoa dawa ya kasoro ya Windows Machi 2017. Mei, WannaCry, programu hasidi inayofunga mafaili na kudai fidia, ikazoa kompyuta ambazo hazikuwa zimesasishwa. Anayetumia Windows ya kukrakiwa yenye masasisho yaliyozimwa (na tunajua ziko ngapi mitaani kwetu) amepata hasara ya pande zote mbili: msimbo hauoni, na dawa haimfikii.