Anayedondosha matone ya polio atazame na fizi

Mtoto anayefuata ratiba ya chanjo Tanzania hufika kliniki akiwa na wiki 6, 10 na 14, kisha miezi 9, kisha miezi 18. Hupimwa uzito, huchomwa sindano, hudondoshewa matone ya polio. Mdomo unafunguliwa, matone yanaingia, unafungwa. Fizi hazitazamwi.

Mei 2021 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzitaka nchi ziingize afya ya kinywa katika huduma za msingi, badala ya kuiacha kwenye kitengo cha meno pekee. Hoja inaeleweka: watu takriban bilioni 3.5 duniani wana maradhi ya kinywa, na kwetu wengi humwona daktari wa meno siku jino limeshawanyima usingizi. Siku hiyo kinachobaki ni kung'oa.

Kwangu, sababu kubwa kuliko zote ni meno ya plastiki, yaani imani kwamba uvimbe kwenye fizi za mtoto ni meno mabaya yanayomletea ugonjwa. Mtoto anaharisha na ana homa. Mtu anamfunua mdomo, anaona uvimbe mweupe kwenye fizi, anasema ndiyo hayo, yatolewe. Hukwanguliwa kwa kisu au spoku ya baiskeli. Kinachotoka ni chipukizi la chonge ambalo lingeota lenyewe. Mtoto anavuja damu, kidonda kinaweza kuingia vijidudu, hata pepopunda, na jino la ukubwani linaweza kuharibikia humo humo. Kuhara nako kunaendelea, kwa kuwa chanzo chake hakikuguswa. Mama huyu asingekwenda kwa daktari wa meno, maana mwanawe hana hata jino moja. Mtaalamu aliyekuwa akikutana naye mara kwa mara ni muuguzi wa chanjo, na dakika mbili za kumwonyesha chonge linapojiandaa kutoka zingetosha kumtia shaka siku atakapoambiwa habari za plastiki.

Wanaosita kuunganisha huduma hizi nao wana hoja nzito, na inaniuma zinapopitwa haraka. Zahanati nyingi za vijijini zina wahudumu wachache mno: yuleyule anazalisha, anachanja, anatoa dawa, na jioni anajaza vitabu vya MTUHA, yaani vya takwimu za huduma za afya. Kumwongezea kitabu kingine cha meno ni kumpunguzia muda wa mgonjwa. Halafu rufaa: ukimwambia mzazi jino la mwanawe limetoboka, naye hana nauli ya kufika kwenye kitengo cha meno, umemwongezea wasiwasi tu.

Hofu yangu kubwa ni amoksilini. Tabibu asiyefundishwa kinywa akiona shavu limevimba ataandika antibiotiki na dawa ya maumivu. Uvimbe unashuka, mgonjwa anashukuru, jino bovu limebaki palepale. Mwezi ujao anarudi, na vimelea vinazidi kuizoea dawa.

Wapo pia wanaosema zahanati haina vifaa vya meno. Hoja hiyo, lakini, siikubali yote. Katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa hapa hapa Tanzania njia ya kuziba meno bila umeme wala mashine ilipoanzia: sehemu iliyooza hukwanguliwa kwa vifaa vya mkono, kisha tundu huzibwa kwa kijazio kinachonata. Mtaalamu wa kinywa aweza kuja nayo zahanati kwenye begi.

Kwa hiyo naunga mkono kuunganisha, ila kwa mpaka. Muuguzi atazame, aeleze, aelekeze, asitibu. Aanze na wiki ya 14, kabla watu wa meno ya plastiki hawajamwahi mama, arudie miezi 9 na 18 meno yanapochomoza, azungumzie mswaki na dawa yenye floridi. Siku ya kliniki ya kisukari aulize kama fizi zinatoka damu, kwani ugonjwa wa fizi na sukari huchocheana. Alama ziwekwe kwenye kadi ileile ya mtoto, bila kitabu kipya.

Na kabla hajamwelekeza mama hospitali ya wilaya, awe na jibu la swali atakaloulizwa kwanza: daktari wa meno yupo siku gani?