Usiifute Video ya Bibi

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, anasomea ubunifu wa picha Dar es Salaam, mwaka wa kwanza. Alipokuja likizo hapa Mikindani, Mtwara, alifungua kompyuta yenye kazi zake barazani akasema, "Mjomba, tazama haraka, maana nataka kuzifuta zote. Zinanitia aibu."

Nimezitazama, na ninampinga waziwazi.

Michoro ya penseli ni ya kawaida: mikono, mtumbwi, mikono tena. Kuna picha moja, lakini, iliyonikalisha kimya. Amepiga picha ukuta wa nyumba ya zamani ya mawe ya matumbawe, akaulaza juu ya picha ya uso wa bibi yake, yaani mama yangu. Tabaka la juu amelififisha kidogo kidogo mpaka nyufa za chokaa zikapita mlemle zilimopita chale za shavuni. Hakuna aliyemwelekeza kufanya hivyo.

Yeye anaona kasoro tu. Picha ina pikseli 1,200 kwa upana; ukiichapa kwa nukta 300 kwa inchi unapata inchi 4, basi. Ni kweli. Lakini hilo somo la siku moja litamtosha kulirekebisha. Kuona kwamba ufa na chale vinafuatana, hilo silo la siku moja.

Halafu ile video: dakika moja na nusu, mama anachoma korosho kwenye bati lililotobolewa, kisha anazibangua. Inatikisika, sikatai. Kwa fremu 25, yaani picha tuli 25, kwa sekunde, hizo ni fremu 2,250, na nyingi zimejaa moshi. Ila mafuta ya maganda yaliposhika moto ghafla, binti hakukimbilia kuurekodi moto. Kamera yake ilibaki kwenye mikono ya bibi yake iliyopakwa majivu isiunguzwe na mafuta hayo. Mwenye jicho hubaki pale.

Wapo wanaomshauri aachane na haya, ajaze kazi zake mabango ya harusi yenye maua ya kupakua, kwa kuwa ndiyo safi na ndiyo yanayolipa. Alipe ada kwa mabango, sina neno. Lakini asiyaite hayo kazi yake na haya takataka. Msanii George Lilanga, aliyezaliwa huku kusini mwa Tanzania mwaka 1934, alianza na uchongaji, baadaye akashika rangi na brashi. Viumbe vyake vya masikio makubwa vikahama naye. Chombo kilibadilika, mkono ukabaki wake.

Na kufuta kuna hatari ambayo wachongaji wetu hawakuijua. Kinyago cha mpingo kikiharibika hutupwa chini ya mwembe. Kinakaa pale miaka, watoto wanakichezea, na mchongaji akipita kila asubuhi anaona tezo ilipokosea. Faili likifutwa haliachi hata kibanzi. Akifika mwaka wa tatu atajilinganisha na nini?

Hakuniahidi kitu. Nimezinakili zote kwenye flashi yangu, akiniona.

Jioni mama akaomba aonyeshwe ile video. Akaitazama mara mbili, mara ya pili akisogeza uso karibu na kioo pale moto ulipopanda. Akasema zile korosho za pembeni angeziwahi kuzigeuza. Binti akavuta kiti, akairudisha nyuma, wakaitazama tena pamoja.