Kiinuktitut shuleni: kikwazo ni darasa la 4

Katika shule nyingi za Nunavut, jimbo la kaskazini mwa Kanada lililoundwa Aprili 1999, mtoto wa Wainuit, wenyeji wa asili wa huko, hufundishwa kwa lugha yao, Kiinuktitut, tangu chekechea mpaka darasa la 3. La 4 likianza, masomo yanageuka Kiingereza. Ndiyo kwanza ameanza kusoma bila kusitasita, na hapo hapo anaanza upya. Mtanzania aliyemaliza darasa la 7 kwa Kiswahili akaingia kidato cha 1 kwa Kiingereza anaijua shida hii. Ila yeye lugha yake imeshakomaa, na akitoka shuleni anaikuta sokoni na redioni. Mtoto wa Iqaluit, mji mkuu wa Nunavut, akitoka nje anakuta Kiingereza.

Mwaka 2006 jaji wa zamani Thomas Berger aliandika kwamba ni kama robo tu ya watoto wa Kiinuit wanaomaliza sekondari, akapendekeza elimu ya lugha mbili mpaka mwisho. Sheria ya 2008 ikaahidi haki ya kusoma kwa lugha ya Wainuit katika madarasa yote ifikapo 2019. Ahadi haikutimia. Mwaka 2020 bunge la jimbo likasogeza muda hadi 2039, tena kwa somo la lugha tu, si kwa hesabu wala sayansi. Mwaka uliofuata Nunavut Tunngavik, shirika linalosimamia haki za Wainuit, likaishtaki serikali.

Hoja ya serikali ni walimu, na ni hoja nzito. Kujua kuongea si kujua kufundisha. Chukua maneno matatu: inuk ni mtu mmoja, inuuk ni watu wawili, inuit ni watatu na kuendelea. Katika silabi, mwandiko wa Kiinuktitut, umbo la herufi hutoa konsonanti na upande inakoelekea hutoa irabu, nazo irabu ni tatu tu. Mtoto aliyezoea kusikia lugha hushika haraka. Lakini irabu ndefu huonyeshwa kwa nukta moja juu ya herufi: ᐃᓄᒃ ni mmoja, ᐃᓅᒃ ni wawili. Mwalimu asiyezoea kuandika huiacha nukta. Na mtoto anayewaza kwa Kiingereza, lugha isiyo na umbo la “wawili”, hana kinachomshtua, kwa hiyo kosa linakaa. Kumweka mwalimu wa aina hiyo darasa la 6 ili sheria ionekane imetekelezwa ni kumdhulumu mtoto.

Wazazi nao wana hofu ya kweli kuhusu ajira. Hata Greenland, ambako Kikalaallisut, lugha ya Wainuit wa huko, ndiyo lugha rasmi tangu 2009 na hufundishia shuleni, anayetaka masomo ya juu bado anahitaji sana Kidenishi.

Hata hivyo, siwezi kukubali 2039. Mtoto wa miaka sita leo ndiye mwalimu wa miaka ya 2040. Ukimkatiza darasa la 4, utamtoa wapi mwalimu unayesema hayupo? Uhaba huu unajizaa wenyewe. Sehemu ya wakazi wa Nunavut ambao lugha ya Wainuit ndiyo lugha yao ya kwanza ilishuka kutoka asilimia 72 mwaka 2001 hadi 65 mwaka 2016. Na Iqaluit ina shule ya Kifaransa kwa jamii ndogo mno ya wanaokizungumza. Wainuit, walio wengi kwao, wanaambiwa wasubiri.

Kosa kubwa, kwa maoni yangu, ni kutaka jumuiya zote 25 ziende kwa mwendo mmoja. Mahali kama Igloolik, ambako lugha ina nguvu, darasa la 4 lingeanza kwa walimu waliopo, kisha la 5 mwaka unaofuata, kundi lile lile likipanda. Upande wa magharibi, Kugluktuk na Cambridge Bay, hali ni nyingine: Kiinuinnaqtun, lugha ya Wainuit wa upande huo, kimebaki zaidi kwa wazee, na huandikwa kwa herufi za Kilatini. Huko kuanza na kusoma ni kupoteza muda. Kwanza masikio: mzee na mwalimu pamoja chekechea, lugha moja kuanzia kuvua koti mpaka chakula cha mchana.

Vitabu navyo vina mtego wake. Ngazi za kusoma za Kiingereza huhesabu maneno kwa ukurasa. Kiinuktitut hakipimwi hivyo. Tusaatsiarunnanngittualuujunga ni neno moja: tusaa, sikia, tsiaq, vizuri, junnaq, weza, nngit, kanusho, tualuu, sana, junga, mimi. Yaani “siwezi kabisa kusikia vizuri”. Msomaji wa Kiswahili aliyezoea “hawatakukumbuka” hashangai, ila hapa sauti pia huyeyuka kwenye viungo: q ya tsiaq imepotea na junnaq imekuwa runna. Kitabu chenye maneno manne kwa ukurasa kinaweza kumshinda mtoto wa darasa la 3. Kipimo sahihi ni idadi ya viambishi ndani ya neno: viwili mwanzoni, vitatu baada ya miezi kadhaa, na viungo vinavyobadili sauti vije mwisho.

Mafunzo ya ualimu kwa Wainuit yapo Iqaluit tangu 1979. Msaidizi wa darasa aliyekua na lugha hiyo asilazimike kuacha kijiji na mshahara ili ayapate. Mafunzo yamfuate darasani, na aanze na ile nukta.